Moyo wa Ami na giza la mwaka 2008

Nimeadimika humu kwa muda, naomba radhi. Kuna jambo lilikuwa limenikaa kooni, na kila nikitaka kuandika habari nyengine nalikuta limesimama mlangoni. Leo nalitoa. Ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta kikombe cha chai ukae.

Jambo lenyewe linaanzia nyumbani kwetu Kiembe Samaki, na linahusu vifaa vya kazi vya ami yangu ambavyo niliviuza mimi, kwa mikono yangu hii hii.

Ami ni fundi wa mafriji. Kibanda chake cha mabati kipo pembeni ya njia ya daladala za 505, ile ya uwanja wa ndege, na tangu nikiwa mdogo nimezoea kumuona kachutama nyuma ya friji la mtu huku ndege inashuka juu ya paa lake na yeye hata hanyanyui kichwa. Ijumaa moja ya Agosti 2023 aliamka kwa swala ya alfajiri akasema kifua kinambana na mkono wa kushoto ni mzito. Alikuwa anatoka jasho jembamba, la baridi. Sisi wenye akili zetu tukasema kiungulia. Usiku alikuwa kala pweza wa nazi, basi kesi imekwisha! Shangazi akamchemshia tangawizi. Tukasubiri. Ilipofika saa 4 asubuhi, akiwa hawezi tena hata kulala chali, ndipo tulipompakia kwenye gari ya jirani.

Hospitali walimpima umeme wa moyo, wakampa aspirini atafune, wakatwambia avuke bahari haraka. Tukapanda boti ya mchana. Sisi ambao tunaishi na kelele za ndege miaka yote, hakuna hata mmoja aliyewaza ndege mpaka tulipokuwa katikati ya maji! Magharibi ilikuwa imeshaingia wakati daktari wa Dar es Salaam alipopitisha mrija mwembamba mkononi mwa Ami, akaufikia mshipa wa moyo uliokuwa umeziba, akauzibua na kuweka stenti, kile kijibomba cha wavu kinachouacha wazi. Damu ikapita. Tukashukuru, tukalia, tukapiga simu nyumbani.

Siku ya tatu akapimwa eko. Moyo mzima kila ukipiga husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba chake cha kushoto, tuseme asilimia 55 na kuendelea. Wa Ami ulisukuma asilimia 30. Daktari, binti mdogo tu pengine ananizidi miaka michache, akatwambia maneno ambayo sikuyaelewa siku ile: "Msimuhukumu sasa. Kuna nyama imekufa, na kuna nyama imepigwa na bumbuwazi. Kwa leo zote mbili zinafanana."

Hatukumsikiliza. Tuliporudi Kiembe Samaki wazee wakakaa barazani, wakapiga hesabu ya madeni ya safari, wakasema Ami hatanyanyua tena mtungi wa gesi maishani mwake. Vifaa viuzwe. Mimi ndiye kijana wa simu na picha, kazi nikapewa mimi. Pampu ya kuvutia upepo, saa za kupimia gesi, mtungi wa kuchomelea, sanduku la spana. Siku mbili tu vikaisha. Ami alikuwa chumbani, amelala.

Baadaye swali likaanza kuninyima usingizi. Kama mshipa umezibuliwa na damu inapita, kwa nini moyo haufanyi kazi? Na yule daktari alituambia tusubiri nini hasa? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia ya ajabu, na ufunguo wa kuielewa nilikuwa nao mwenyewe tangu nikiwa darasa la tano.

Usiku umeme ulipokwenda

Kama ulikuwepo Unguja mwaka 2008 huhitaji kukumbushwa. Usiku wa tarehe 21 Mei umeme kutoka Bara, unaotufikia kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba, ulikatika. Tulidhani ni kama siku zote, utarudi baada ya saa mbili. Ulirudi tarehe 18 Juni. Takriban mwezi mzima kisiwa kizima kizani! Maji nayo yakakatika, maana pampu zinakula umeme. Wenye uwezo wakanunua jenereta, wasiokuwa nao wakabeba ndoo. Na kabla hatujasahau, Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010.

Ninachokikumbuka zaidi ni siku uliporudi. Mtaa mzima ulipiga kelele kama tumefunga goli. Lakini Ami alitoka mbio, akapita nyumba kwa nyumba anapiga makelele mengine: "Zimeni mafriji! Msiwashe kwa pamoja! Subirini utulie!" Waliomsikia walisalimika. Waliokuwa na furaha kupita kiasi walimpa Ami kazi ya wiki kadhaa, maana umeme ulirudi kwa kishindo, unapanda unashuka, ukaunguza mashine ambazo giza la mwezi mzima halikuzifanya kitu.

Na hata mafriji yaliyosalimika hayakugandisha barafu jioni ile. Yalinguruma usiku kucha na ndani bado vuguvugu. Mama alitaka kuliita letu bovu. Ami akamwambia, shemeji, liache, linajikusanya.

Shika picha hizo tatu: chombo kilichozimika bila ya kufa, kilichounguzwa na umeme wenyewe ulipokuwa unarudi, na kilichopata umeme lakini kinahitaji muda. Wanasayansi walihangaika zaidi ya miaka 50 mpaka wakazipata hizo tatu ndani ya moyo wa binadamu.

Ama hai, ama maiti

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi waliamini kwamba mshipa mkubwa wa moyo ukiziba ghafla, mtu anakufa hapo hapo, hakuna cha kujadili. Mwaka 1912 James Herrick, daktari wa Chicago, akaandika kwamba si lazima. Mtu anaweza kuzibwa mshipa akaishi, na ugonjwa huo unaweza kutambuliwa angali hai. Makala yake haikushughulisha watu wengi wakati ule. Ndivyo ilivyo kwa habari njema nyingi.

Mwaka 1935 huko Cleveland, Robert Tennant na Carl Wiggers wakafanya jaribio kwa mbwa. Walibana mshipa wa moyo, wakaangalia. Kabla hata dakika moja haijatimia, sehemu ya msuli iliyokosa damu ilikuwa imeacha kujikunja. Badala ya kusukuma, ilivimba nje kila moyo ulipopiga, kama mpira wa baiskeli uliochoka. Hapo tukajua jambo la kwanza: msuli wa moyo ukikosa damu huacha kazi papo hapo. Kuacha kazi, lakini, ni kufa?

Jibu lilianza kupatikana kwa Robert Jennings na wenzake, kuanzia mwaka 1960 na kuendelea. Katika majaribio yao ya mbwa waligundua kwamba mshipa ukizibwa kwa muda mfupi, mpaka dakika 15 au 20 hivi, seli za moyo zinaweza kupona zote. Ukipita hapo kifo kinaanza, na hakipigi pote kwa pamoja. Mwaka 1977 walionesha kwamba kinaanza tabaka la ndani la ukuta wa moyo, kikatambaa kuelekea nje saa baada ya saa, kama maji ya bamvua yanavyopanda ufukwe. Ukizibua baada ya dakika 40 unaokoa sehemu kubwa. Ukizibua baada ya saa 6 umebakiwa na kidogo.

Lakini bado watu walidhani mambo ni mawili tu. Msuli ama umekufa au uko hai, na ulio hai ukipewa damu yake utarudi kazini mara moja. Kama taa.

Bumbuwazi

Mwaka 1975 Guy Heyndrickx, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Marekani pamoja na Stephen Vatner na wenzao, aliwafunga mbwa mishipa ya moyo kwa dakika 5 tu au 15, kisha akafungua. Damu ilirudi kama kawaida, na vipimo vya umeme vikatengemaa haraka. Lakini msuli haukurudi kazini. Kwa kufungwa dakika 15, zaidi ya saa 6 baadaye ulikuwa bado unajikunja kivivu. Hakuna seli iliyokufa, damu ipo, hewa ipo, na kazi hakuna!

Mwaka 1982 Eugene Braunwald na Robert Kloner wakalipa jambo hili jina. Braunwald alizaliwa Vienna mwaka 1929, familia yake ikawakimbia Wanazi akiwa mtoto, na huko Marekani akaja kuwa mmoja wa madaktari wa moyo waliosomwa zaidi duniani. Jina walilolichagua ni lile unalompa mtu aliyepigwa kichwani akabaki kasimama anaangalia tu. Kiswahili tuna neno lake zuri zaidi: bumbuwazi. Na ajabu ni kwamba sisi ugonjwa wenyewe tunauita mshtuko wa moyo. Lugha yetu ilishaona kwamba moyo hushtuka, na aliyeshtuka hupewa nafasi akazinduka.

Kwa nini hasa msuli unapigwa na bumbuwazi? Maelezo makubwa ni mawili. La kwanza ni oksijeni yenyewe. Inaporudi ghafla ndani ya seli zilizokuwa na njaa, huzaa chembe kali zinazobabua kila zinachokigusa. La pili ni kalsiamu, ambayo ndiyo inayoamrisha msuli ujikunje. Damu ikirudi, kalsiamu hufurika ndani ya seli, na nyuzi za msuli zikishababuliwa haziitikii amri yake kama zamani. Amri inatolewa, mwili umegoma. Seli zinahitaji kutengeneza upya vipuri vyake, na kazi hiyo huchukua siku, pengine wiki.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Ami anakimbia mtaani siku ile ya Juni. Damu inayorudi ndiyo dawa, bila yake hakuna kupona, na hiyo hiyo inarudi na kishindo. Watafiti wamejitahidi miaka na miaka kutafuta njia ya kupunguza kishindo hicho. Mwaka 1986 Charles Murry, akiwa na Jennings na Keith Reimer, alionesha kitu cha kushangaza: moyo wa mbwa uliobanwa na kuachiwa mara nne, dakika 5 kila mara, kabla ya kuzibwa kwa muda mrefu, ulipata kovu dogo sana kuliko ule uliozibwa bila ya kuzoeshwa. Kuigeuza elimu hiyo kuwa dawa ya hospitali kumekuwa kugumu, kwa sababu mshtuko wa moyo haupigi hodi.

Kamongo

Kuna hali ya tatu, nayo inafundisha uvumilivu. Katika miaka ya 1980 Shahbudin Rahimtoola, daktari aliyezaliwa Bombay mwaka 1931, akasomea Karachi na kufanya kazi Los Angeles, aliwatazama watu waliopasuliwa na kuwekewa njia mpya za damu ya moyo. Upasuaji huo ulipata umaarufu baada ya René Favaloro wa Argentina kuufanya Cleveland mwaka 1967. Rahimtoola akaona kwamba baadhi ya mioyo iliyokuwa dhaifu kwa miezi au miaka, mioyo ambayo kila mtu aliihesabu imekwisha, ilianza kusukuma tena baada ya kupata damu.

Akasema msuli ule haukuwa umekufa. Ulikuwa umelala. Damu ilipokuwa ndogo kwa muda mrefu, ulipunguza kazi ili usife. Wazungu wakaufananisha na wanyama wao wanaolala msimu wa barafu. Sisi tuna kamongo, yule samaki wa Bara ambaye bwawa likikauka anajizika kwenye tope, anapunguza pumzi na kila kitu, anasubiri mvua. Ukimchimbua wakati wa kiangazi utasema maiti. Subiri masika umuone.

Kwa hiyo msuli wa moyo usiofanya kazi unaweza kuwa umekufa, umepigwa na bumbuwazi, au umelala. Kwa macho ya eko ya siku ya tatu wote wanafanana. Yule binti wa Dar alikuwa anatusomesha historia ya miaka 90 kwa sentensi tatu, na sisi tukawa tunatafuta chenji ya boti.

Kuzibua

Haya yote yasingekuwa na maana kama mishipa isingeweza kuzibuliwa. Mwaka 1976 Yevgeny Chazov na wenzake wa Umoja wa Kisovieti waliripoti kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya mshipa wa moyo kwa dawa. (Miaka hiyo hospitali yetu kuu ya Mnazi Mmoja ilikuwa ikiitwa V. I. Lenin. Dunia ndogo.) Septemba 1977 Andreas Grüntzig, akiwa Zürich, alipitisha kiputo kidogo ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho, akakijaza, mshipa ukapanuka. Stenti ya Ami ni mjukuu wa kiputo kile.

Halafu zikaja tafiti mbili kubwa. Mwaka 1986 Wataliano waliripoti matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,000: dawa ya kuyeyusha damu iitwayo streptokinasi inaokoa maisha, na inaokoa zaidi kwa anayeipata mapema. Waliopewa ndani ya saa ya kwanza, vifo vyao vilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 1988 utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 17,187 ukaongeza aspirini. Waliokosa dawa zote mbili walikufa asilimia 13.2 ndani ya wiki 5. Waliopata zote mbili, asilimia 8. Nusu ya kazi hiyo ilifanywa na kidonge ambacho hata duka la Kiembe Samaki wanakiuza.

Ugonjwa wa watu wengine

Na sisi huku tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaambiwa hautuhusu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 na baadaye Uganda, alikaa miongo karibu mitatu huku. Mwaka 1956, yeye na mwenzake, walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kisa cha Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja! Na kisa hicho kimoja kilitosha kuwa makala. Magonjwa ya moyo yaliyojulikana kwetu yalikuwa mengine, kama ule unaougeuza utando wa ndani ya moyo kuwa kovu, ambao J. N. P. Davies aliueleza kutoka Mulago, Kampala, mwaka 1948.

Siwezi kumlaumu Trowell, pengine aliona kweli alichokiona. Lakini maisha yamebadilika. Chumvi, sigara, mafuta, sukari, kukaa, shinikizo la damu ambalo kila nyumba ya mtaa wetu ina mtu wake. Wazo lile la zamani limebaki vichwani wakati ugonjwa umeshaingia ndani. Mwishoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, waliwapima kwa makini watu waliofika sehemu ya dharura na maumivu ya kifua au pumzi fupi. Wakakuta mshtuko wa moyo si adimu kama ulivyodhaniwa, na wengi waliokuwa nao walikuwa wameandikiwa ugonjwa mwengine. Unaona? Kiungulia hatukukianza sisi peke yetu.

Hata Machi 2021, Mama Samia, Mzanzibari mwenzetu, alipotangaza kifo cha Rais Magufuli kwa maradhi ya moyo, mtaani kwetu wote walisema "mishipa iliziba". Kilichotajwa kilikuwa kitu chengine, hitilafu ya siku nyingi ya mapigo ya moyo. Moyo una mabomba, una nyaya, na una msuli. Kila kimoja kinaharibika kivyake.

Kwa upande wa tiba, mwezi ule ule wa Mei 2008 ambao sisi Unguja tulizimikiwa, hospitali ya Muhimbili ilianza upasuaji wa kufungua moyo. Kabla ya hapo njia ya wengi ilikuwa kupelekwa nje, hasa India, na foleni ilikuwa ndefu kuliko umri wa baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale pale Muhimbili, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alikuja kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Waganda walikuwa wameanzisha taasisi yao ya moyo Mulago tangu 1988.

Hesabu ya kisiwa

Sasa nifanye hesabu ambayo natamani ningeifanya ile Ijumaa. Mwongozo wa madaktari unasema mshipa uliozibwa kabisa uzibuliwe kwa mrija ndani ya saa mbili hivi tangu ugonjwa kutambuliwa. Kama haiwezekani, mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha damu pale pale alipo, kisha ndipo asafirishwe. Boti ya Dar peke yake ni karibu saa mbili, hujahesabu kufika Malindi, tiketi, na foleni za gari upande wa pili. Kwa hiyo kwa mtu wa kisiwani, matumaini yake makubwa yapo huku huku: kipimo cha umeme wa moyo cha haraka, daktari anayejua kukisoma, dawa ndani ya kabati. Kila anayegombea kura zetu anatuahidi majengo. Siku nyengine tumuulize hivi vitatu.

Lakini saa tano za kwanza za Ami hazikupotea baharini, wala hospitalini. Zilipotea nyumbani kwetu, kwenye tangawizi. Kifua kinachobana, kinachokwenda mkononi au tayani, chenye jasho la baridi, si cha kusubiriwa. Mpeleke hospitali. Kikiwa kiungulia, mtacheka njiani mkirudi.

Na hesabu ya pili. Nimesoma kwamba madaktari wa moyo hawamwekei mgonjwa kifaa cha kudumu cha kushtua moyo kwa sababu ya udhaifu tu mpaka zipite angalau siku 40 tangu mshtuko, au miezi mitatu kama mshipa ulizibuliwa. Wanasubiri bumbuwazi liishe ndipo wapime tena. Siku 40! Mzazi tunampa arubaini yake, hapiki wala hafui. Moyo wa Ami hatukuupa hata wiki mbili.

Ami alikuwa na bahati ambayo hatukuistahili. Mshipa wake haukuwa umeziba kabisa, damu kidogo ilikuwa inapenya saa zote zile, ndiyo maana kulibaki kitu cha kuzinduka. Novemba 2023 akapimwa tena. Asilimia 47. Si moyo wa kijana. Kuna kovu, na kovu halirudi kuwa nyama. Ana dawa za kila siku na hanyanyui vizito. Lakini anapanda ngazi, anatembea kwa miguu mpaka msikitini, na jioni ile tuliporudi na majibu alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda chake.

Mimi ndiye niliyemwambia. Alisimama pale, anaangalia misumari mitupu ukutani. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Friji lililotoka gizani mwezi mzima, ukilikuta halijapoa usiku ule ule, unalitupa?"

Pampu nimeipata, kwa fundi mmoja wa Mwanakwerekwe, akaniuzia kwa bei iliyozidi ile niliyomuuzia mimi. Haki yake. Mtungi wa kuchomelea tumechangishana. Saa za gesi, zile alizozinunua kwa pesa za kazi ya 2008, sikuziona tena. Kama unazo wewe msomaji, zina mpini mwekundu uliofungwa uzi mweusi. Nitakupa bei unayotaka.

Alamsiki.